Ijumaa Kuu Bila Nyundo

Saa tatu asubuhi ya Ijumaa Kuu, pikapu ya Lestroy Krause ilirudi kinyumenyume pale ufuoni, ikanasa kamba ya hema la Ansel Heyliger na kuivuta. Vigingi vitatu vya nondo vikang'oka mchangani kimoja baada ya kingine, kama meno ya utotoni. Upande wote wa mashariki wa hema ukalegea. Turubai likaanza kupigapiga kwa upepo, na nguzo ikainama kama mlevi anayetafuta mahali pa kukaa.

Ansel alikuwa anapepea makaa. Alitupa upepeo, akaruka kwa kadiri mtu wa miaka sabini na moja anavyoweza kuruka, akaikumbatia nguzo kabla haijafika chini.

"Lestroy!"

Lestroy alizima gari, akatoka na miwani yake myeusi. Alikuwa mwanamume mnene wa miaka arobaini hivi, mpole, wa aina ile inayoomba radhi haraka kwa sababu imezoea.

"Mzee Ansel, nisamehe. Sikuona."

"Hukuona hema? Lina urefu wa kukushinda wewe!"

"Kamera ya nyuma imejaa mchanga, mzee."

"Na shingo yako je, nayo imejaa mchanga?"

Mke wa Lestroy, Shermaine, alicheka kutoka kwenye kambi yao ya Pasaka, maana kila mwaka watu wa kisiwa huhamia ufuoni kwa sikukuu hiyo. Ikiwa ile ilistahili kuitwa kambi. Walikuwa wametandika sakafu ya mbao, wakaweka friji mbili, televisheni na kochi. Katikati ya yote hayo walikuwa na bwawa la plastiki la watoto, limejazwa maji yaliyoletwa kwa lori. Bahari ilikuwa hatua kumi na mbili kutoka hapo. Ansel alizihesabu juzi, akazihesabu tena jana, akidhani labda yeye ndiye aliyekosea. Ni kumi na mbili. Nyuma ya kochi jenereta ilikuwa ikinguruma tangu Jumatano, na ilipopumzika kidogo ili inyweshwe mafuta, ya jirani wa pili ndiyo iliyosikika.

"Basi tulia, mzee," Lestroy alisema. "Naleta nyundo. Dakika mbili tu hema limesimama."

"Usithubutu."

"Kwa nini?"

"Leo siku gani?"

Lestroy alifikiri. "Ijumaa."

"Ijumaa gani?"

Hapo akaelewa, akakuna kidevu. "Aa. Lakini mzee, mimi nimepigilia tangu alfajiri."

"Nimekusikia. Na Bwana naye amekusikia."

Ansel alikuwa seremala wa mapaa. Kila kimbunga kilipopita juu ya kisiwa chao cha Karibea, St. Croix, na kuacha nyumba wazi kama makopo, yeye na nyundo yake walikuwa juu ya kenchi kabla watu hawajamaliza kulia. Misumari aliyoipigilia maishani mwake, ukiipanga mstari, ingekizunguka kisiwa. Lakini hakuna hata mmoja aliopigilia siku ya Ijumaa Kuu. Mama yake, Bi Theodora, alimfundisha kwamba anayepiga msumari siku hiyo anaupiga kwenye kiganja cha Bwana, na fundisho hilo lilimwingia akiwa bado mdogo, likakaa. Mwaka mmoja meneja wa hoteli, mtu wa kutoka Marekani bara, alimwambia amalize paa la baa siku hiyo au asirudi Jumatatu. Ansel aliiweka nyundo mkandani, akashuka ngazi, akarudi nyumbani kwa miguu. Hakurudi Jumatatu. Hajutii, ingawa paa lile lilimaliziwa na mtu mwingine, na kila akipita anaona jinsi mabati yalivyopishana vibaya.

Sasa asiyepiga nyundo siku ya leo ni yeye peke yake. Pande zote za ufuo ilisikika ko, ko, ko, watu waliochelewa wakisimamisha maturubai yao ya buluu huku wakitafuna. Zamani ilipofika Alhamisi jioni kila hema lilikuwa limesimama, na Ijumaa yote ufuo ulikuwa kimya hadi ungesikia kaa wakitembea. Watu walinong'ona. Hata kufagia hawakufagia. Sufuria ya mtu mmoja ilikuwa sufuria ya ufuo mzima, na anayevua alipita na samaki wake hema kwa hema bila kuitwa. Siku hizi kila ukoo umejizungushia utepe wa plastiki wenye jina lake, kama mahali palipotokea mauaji.

Mwaka mwingine Ansel angelaani tu na kuliacha hema lianguke. Mwaka huu hakuweza.

Dada yake, Eulita, alikuwa angani wakati ule akitoka New York. Aliondoka kisiwani akiwa na miaka ishirini kwenda kusomea uuguzi, akauguza watu wa Brooklyn maisha yake yote, akazika mume huko, akastaafu. Sasa ana sabini na nane. Ansel alibaki peke yake katika nyumba ya mama yao tangu mkewe afariki. Ana binti mmoja, Corinne, mwenye nyumba yake mjini. Mwezi Desemba Ansel alimwomba dada yake kwenye simu, kwa mara ya kwanza na bila kuzunguka: Lita, rudi nyumbani.

Eulita akasema, "Theluji imenichosha, Ansi, sikufichi. Lakini naogopa kurudi mahali nisipopajua. Kila anayetoka huko ananiambia pamekwisha. Nionyeshe kambi moja tu ya Pasaka kama ya Mama. Nikiiona, naleta masanduku."

"Utaiona," Ansel alisema.

Tangu Januari hakufanya kazi nyingine. Alitafuta turubai la pamba, zito, si haya ya plastiki yanayopiga kelele kama karatasi ya peremende, akalishona kwa mkono. Alikata nguzo mwenyewe. Alipata jiko la makaa la udongo kwa mzee mmoja aliyelitumia kuoteshea maua, akayang'oa maua mbele yake. Tena alikumbuka jambo moja ambalo alijua wengine wote wamelisahau: katika hema la mama palikuwa na magunia manne ya mchele yaliyojazwa mchanga, moja kila pembe, na watoto waliyakalia. Viti vya Mama. Ansel aliyaona wazi akilini kana kwamba ni jana. Akajaza mchanga magunia manne, akayashona midomo, akayaweka kila moja kwenye pembe yake. Eulita ataingia, ataona viti, atalia.

Jana saa kumi na moja jioni alipigilia nondo ya mwisho, akafunga nyundo kwenye kitambaa na kuitia chini ya kiti cha gari lake. Kila kitu kilikuwa tayari. Na sasa, zikiwa zimebaki saa tano dada afike, alikuwa amekaa juu ya gunia la pembe ya mashariki, mgongo wake umeegemea nguzo, miguu ameikaza mchangani, yeye mwenyewe amekuwa kigingi.

"Tuvikanyage kwa mguu," Lestroy alisema. Aliokota nondo, akaisimamisha, akapanda juu yake na uzito wake wote. Ilizama. Wakafunga kamba. Upepo ukavuta mara moja, nondo ikatoka.

"Jiwe, basi."

"Jiwe ni nyundo isiyo na mpini."

"Ninayo skrubu ndefu ya ardhini. Naizungusha kwa drili ya betri. Drili haipigi, mzee. Inazunguka."

Kuna watu wanaotafuta mlango wa nyuma hata wa mbinguni.

"Hapana."

"Tufunge kwenye mti."

"Mti uko magharibi. Upepo unatoka mashariki. Umezaliwa kisiwa gani wewe?"

"Basi funga kwenye pikapu yangu. Naiegesha hapo hapo, siigusi mpaka Jumatatu."

"Dada yangu atoke New York, apite juu ya bahari yote ile, aje aone hema la Mama limefungwa kwenye bampa?"

Lestroy aliinua mikono, akarudi kwenye kochi lake. Baada ya dakika mbili akarudi tena na kikombe cha maji, akamnywesha, kwa kuwa mikono ya Ansel ilikuwa nyuma imeshika nguzo. Ansel aliyanywa. Yalikuwa ya baridi sana, yenye barafu, na hilo nalo lilimkera.

Saa sita samaki wa chumvi alianza kunukia kuungua.

"Shermaine!" Ansel aliita. Hakuwa na la kufanya. "Njoo unigeuzie samaki!"

Shermaine alikuja na kijiko chake mkononi, mwanamke mwembamba mwenye ulimi. "Loo! Leo sisi watu wa friji tunaitwa?"

"Geuza samaki."

"Nageuza. Na huu unga?"

"Ni wa fungi. Bamia zimeshachemka. Mimina kidogo kidogo, huku unakoroga. Kidogo! Unakoroga kama unapaka rangi ukuta."

"Mzee, ni mkono huu au hakuna mkono. Chagua."

Ansel alifumba macho. Fungi, ugali wa kisiwa wa mahindi na bamia, bila mwiko wa kubapa, mwiko wa mama, iliyokorogwa kwa kijiko cha kupakulia saladi. Alisikia mabonge yakijifanya. Aliyasikia kabisa.

"Bibi yangu alikuwa kama wewe," Shermaine alisema akiwa amempa mgongo. "Ijumaa Kuu hatukuruhusiwa hata kuchana nywele. Tulikaa tu tunatazamana na vichwa kama vifagio."

"Na ukaacha."

"Alipokufa, nani wa kunikataza?"

Hakusema kwa ubaya. Ansel akamwambia aendelee kukoroga.

Saa saba simu ililia mfukoni mwake. Lestroy alikuja kuitoa na kumwekea sikioni.

"Baba, ametua," alisema Corinne. "Tuko njiani."

"Mlete polepole."

"Polepole vipi?"

"Mzungushe. Mwonyeshe kanisa. Mwonyeshe shule."

"Baba, shangazi ana miaka sabini na nane, ameamka usiku wa manane, na ana njaa. Tunakuja."

Ansel alijaribu kusimama ili walau akutwe wima, lakini kila alipolegeza mgongo nguzo ilimfuata. Mgongo ulikuwa unamuuma. Ilimjia kwamba nyundo iko kwenye gari lake, hatua ishirini. Mipigo mitatu kwa kila kigingi, mipigo tisa jumla, na Eulita asingejua kamwe. Aliwaza hivyo mpaka mwisho, pole pole, pigo kwa pigo. Kisha akajikuta ana hasira na Lestroy zaidi ya mwanzo, kana kwamba ndiye aliyemtia wazo lile kichwani.

Saa nane kamili wakatokea kati ya mahema, Corinne mbele na mkoba, nyuma yake mwanamke mrefu mwenye kofia pana na viatu vyeupe vya kutembelea, akikanyaga mchanga kwa tahadhari. Eulita alipita mbele ya televisheni, akapita mbele ya bwawa la plastiki, akasimama kidogo, akatazama bahari, akalitazama tena bwawa. Akafika mbele ya hema, akavua miwani.

"Ansi."

"Lita. Karibu nyumbani."

"Unafanya nini?"

"Nashikilia nguzo."

"Naona unashikilia nguzo. Kwa nini?"

"Vigingi vimeng'oka. Huyu hapa kaving'oa kwa gari. Na leo siwezi kuvipigilia, unajua mwenyewe."

"Mimi nimeshaomba radhi, mama," Lestroy alisema.

Eulita aliinama, akaokota kipande cha nondo, akakigeuzageuza. "Hiki ndicho kigingi?"

"Ndiyo."

"Mama alikuwa na hivi?"

"Alikuwa navyo."

"Mama angetoa wapi nondo, Ansi? Mimi naondoka hapa kisiwa kizima hakina nondo isipokuwa bandarini." Akamtazama kuanzia kichwani hadi alipokaa. "Na hapo umekalia nini?"

Ansel alikuwa amelisubiri swali hilo tangu Januari, ingawa si kwa namna hii. "Kiti," alisema. "Gunia la mchanga, kama zamani. Yako manne, kila pembe. Nilikumbuka. Lako ni lile pale la kivulini."

Eulita alishika mkono wa Corinne. Mwanzoni Ansel alidhani analia, kama alivyopanga. Kisha akasikia sauti. Alikuwa anacheka, cheko la kutoka tumboni, kofia ikamtoka kichwani ikabingirika hadi kwenye utepe wa jirani.

"Kiti!" alisema alipopata pumzi. "Jamani, kiti! Mtoto huyu! Umekalia kigingi, Ansi! Hicho ndicho kigingi cha Mama! Alichimba shimo, akafunga kamba kwenye gunia, akalifukia. Unadhani yalikaa kila pembe kwa sababu gani, urembo? Ilikuwa hivyo ili siku kama ya leo asitokee mtu wa kugusa nyundo. Hata kamba ikilegea, unaongeza mchanga, basi!"

Jenereta ilikuwa imezimika, ikisubiri mafuta.

Ansel alitaka kumwambia amekosea, kwamba aliyekaa mbali miaka hamsini na minane hawezi kuja kumfundisha aliyebaki. Mdomo ulikuwa tayari umefunguka. Lakini picha ile ya watoto juu ya magunia ilikuwa bado mbele yake, na sasa alipoitazama vizuri, watoto wale hawakuwa yeye na Eulita. Walikuwa watoto wa binamu zake, wadogo zaidi, na yeye mwenyewe alikuwa amesimama kando yao, kijana wa miaka kumi na minane, mwaka wake wa kwanza wa kazi kwenye ujenzi wa kiwanda cha mafuta. Kaleta furushi la vipande vya nondo begani. Anajisifu. Anamwambia mama, tazama, hivi havitoki hata kwa kimbunga, uachane na mambo ya kufukia magunia. Bi Theodora alizitazama nondo, akamtazama mwanawe, akanyanyua magunia yake moja moja na kuyasogeza ndani ya hema. Watoto wakayakalia.

"Ansi, unaumwa?" Eulita aliuliza.

"Siumwi."

"Mbona umekunja uso hivyo?"

"Ndivyo uso wangu ulivyo siku zote," alisema. "Lestroy! Lete sepetu!"

"Sepetu inaruhusiwa leo?" Lestroy aliuliza, na ilionekana kwamba safari hii alitaka kujua kweli.

"Inaruhusiwa," alisema Eulita. "Mama alichimba kwa ganda la kombe, lakini alikuwa na mgongo wa kike. Chimba, mwanangu, mpaka magotini. Wewe umenenepa, shimo lako litatosha wawili."

Shermaine alipiga kelele kwa furaha. Lestroy akachimba. Corinne alishika nguzo, naye Ansel akapiga magoti na kufunga kamba kwenye midomo ya magunia, vidole vikiwa vimekufa ganzi, huku dada yake akimsimamia juu ya kichwa: si fundo hilo, pitisha chini, chini nimesema, mara mbili. Walifukia yale mawili ya mashariki, na upepo ulipovuta, kamba ilikaza na hema likanyooka bila kutoa hata mlio. Likasimama imara kuliko lilivyosimama jana. Eulita hakuridhika. Aliamuru ya magharibi nayo yafukiwe, na nondo zote ziondolewe, na Lestroy akazibeba hadi kwenye gari la Ansel kama mtu anayeondoa mizoga.

Kisha dada aliingia ndani ya hema, akazunguka. Aligusa mshono wa turubai. Akafunua sufuria, akachota fungi kwa kidole, akaonja.

"Ina mabonge."

"Aliyekoroga ni yule," alisema Ansel.

"Mkono mzito," alisema Eulita. "Lakini chumvi imekaa." Akafunika. "Haifanani na kambi ya Mama, Ansi. Nisikudanganye. Ya Mama haikuwa na ngurumo hii, na watu walikuwa wanasalimiana. Na lile bwawa ni kichekesho, Mungu anisamehe."

Ansel aliangalia mchanga. "Nimefanya nilivyokumbuka."

"Ndiyo shida yenyewe. Unakumbuka nusu." Alijipangusa kidole kwenye leso, taratibu, kama muuguzi. "Masanduku yangu ni saba. Nitayaleta Novemba, vimbunga vikishapita. Mtu aliyekalia kigingi akakiita kiti hawezi kuachiwa nyumba ya Mama peke yake. Utaniambia mwiko wa fungi ulikuwa wa kukunia mgongo."

"Kwa hiyo unarudi kunisahihisha?"

"Ulifikiri narudi kufanya nini?"

Alilitaka jibu hilo tangu Desemba, na sasa amelipata, lakini lilikuja limevaa nguo ambazo yeye asingeweza kulichagulia. Akatikisa kichwa. Akatazama mahali pa kukaa, na hapo akagundua kwamba magunia yote manne yako chini ya mchanga, na katika hema zima, hema alilolishona kwa miezi mitatu, hapakuwa na kiti.

Lestroy alikuwa ameshaliona hilo. Alikuja akiwa amebeba viti viwili vya kukunja, vya nailoni, vyenye tundu la kikombe kwenye mkono, akavikunjua mbele ya hema. Eulita alikaa bila kuombwa, akanyoosha miguu yake na viatu vyeupe, akaugua kwa raha. Ansel alibaki amesimama kwa muda aliouona unatosha. Jenereta ikawashwa tena. Mahali fulani upande wa kaskazini mtu alikuwa bado anapigilia, ko, ko, ko.

"Kaa, Ansi," dada yake alisema. "Unanikinga upepo."

Akakaa. Kiti kilimpokea mgongo pale pale palipokuwa pakimuuma tangu asubuhi. Kilikuwa kiti kizuri, na hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote.